"Mtandao hamna, rudi kesho": Jinsi waya mmoja unavyoweza kuangusha ofisi nzima

Maneno haya umeshayasikia. Umeamka alfajiri kule Kaisho au Murongo, umelipa bodaboda, umefika hospitali au ofisini na foleni ni ndefu. Ukifika dirishani unaambiwa: "Mtandao hamna. Subiri, au rudi kesho."

Nauli imekwenda, siku imekwenda, na shida uliyokuja nayo unarudi nayo nyumbani. Wengi wetu tukisikia hivyo tunafikiri mnara umeharibika, au kampuni ya simu ina matatizo. Mara nyingine ni kweli. Lakini ipo sababu moja ambayo haizungumzwi sana, nayo haiko kwenye mnara wala haiko Dar es Salaam. Iko ndani ya jengo hilo hilo ulilosimama, pengine chini ya meza ya karani. Ni waya mmoja uliochomekwa mahali pasipostahili.

Leo tunaeleza jambo hilo: waya unavyofanya hivyo, kuna kinga gani, na wewe au fundi wa ofisi yenu mfanye nini. Hata kama hujawahi kugusa kompyuta, soma. Huduma unayoifuata mjini inategemea jambo hili.

Kwanza, "mtandao hamna" ina maana nyingi

Tarehe 12 Mei 2024 nchi nzima iliona shida ya intaneti. Nyaya mbili zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ilikuwa kati ya nchi zilizoumia. Siku ile mtu wa Kayanga na mtu wa Kariakoo walilia kilio kimoja.

Shida ya namna hiyo humpata kila mtu. Shida ya mnara humpata mtu wa eneo fulani. Shida ya ndani ya jengo huwapata waliomo ndani ya jengo hilo tu. Kwa hiyo ukiambiwa mtandao hamna, angalia simu yako. Kama simu yako ina bando na inafungua kurasa vizuri, na wakala wa pesa aliye nje ya geti anaendelea kutoa fedha kama kawaida, basi huenda tatizo la ofisi hiyo ni la kwake: ama ni laini yake, ama ni mambo ya ndani.

Ya ndani ndiyo tunayoyazungumza leo.

Swichi ni nini?

Ukisikia swichi unafikiria ya taa. Hii ni nyingine. Swichi ya mtandao ni kiboksi chenye matundu mengi, mara nyingi 8, 16, 24 au 48, na kila tundu lina kataa kadogo kanakomwekamweka. Kila kompyuta ya ofisi huchomekwa waya kwenye tundu moja. Kompyuta ya mapokezi, ya maabara, ya duka la dawa na ya mhasibu zote hukutana hapo, na kutoka hapo hufika kwenye seva inayotunza kumbukumbu, au kwenye ruta inayokwenda intaneti. Mfumo wa GoTHOMIS unaotumika katika hospitali na vituo vya afya vya serikali unahitaji kompyuta za jengo ziongee namna hii. Namba ya malipo unayopewa halmashauri nayo hupita huko huko.

Swichi ina akili ya kiasi chake. Kila kompyuta ina anwani yake iliyotoka nayo kiwandani, na swichi hujifunza kwamba anwani fulani iko kwenye tundu la 3, nyingine kwenye tundu la 5. Ikishajua, ujumbe wa mhasibu inaupeleka kwa mhasibu peke yake.

Lakini kuna ujumbe mwingine ambao ni tangazo la wote. Kompyuta inauliza: "Jamani, printa iko wapi?" Swichi ikipata tangazo la namna hiyo, inalitoa kwenye matundu yote isipokuwa lile lilikotokea. Hapo ndipo hatari ilipo.

Tangazo lisilokwisha

Chukua mfano wa kijijini. Ng'ombe wa mzee amepotea. Mtoto anatumwa kusema njia panda, na sharti ni hili: kila atakayesikia alipeleke tangazo kwenye kila njia ya migombani isipokuwa ile lililojia. Kama njia za kijiji zimekaa kama matawi ya mti, tangazo linafika hadi nyumba ya mwisho na linakomea hapo. Kazi imekwisha.

Sasa kama njia zimezunguka zikakutana, tangazo halina mwisho. Linatoka kwa mzee, linapita kwa jirani, linazunguka bondeni, linarudi kwa mzee. Naye, kwa sharti lile lile, analipeleka tena. Na kwa kuwa kwenye kila njia panda linagawanyika, baada ya muda kijiji kizima kinapiga kelele za ng'ombe yule yule, hata kama ng'ombe amekwisha patikana. Anayetaka kusema kuwa kuna mgonjwa hasikiki.

Mtandao wa nyaya hufanya hivyo hivyo, ila kwa kasi ya kutisha. Waya wa kasi ya megabiti 100 unaweza kupitisha zaidi ya paketi ndogo 148,000 kwa sekunde moja. Paketi hizi hazina hesabu ya umri inayoziambia "umezunguka vya kutosha, sasa kufa." Zikiingia kwenye kitanzi zinazunguka mpaka mtu akichomoe. Mafundi wanaliita jambo hili dhoruba ya matangazo. Na swichi nayo inachanganyikiwa, maana inaiona kompyuta ile ile mara kwenye tundu la 3, mara kwenye tundu la 8, haijui tena imtafute nani wapi.

Kama umewahi kupiga simu kwenye kipindi chetu huku redio yako ikiwa juu, unakijua kitanzi. Sauti yako inatoka studioni, inaingia redioni kwako, inarudi kwenye simu, inakuja tena studioni, na wote tunasikia ule mlio mkali. Ndiyo maana kila mtangazaji kazi yake ya kwanza ni kukuomba upunguze sauti ya redio. Kupunguza redio ni kukata kitanzi.

Waya nilioushika mwenyewe

Sitanii ninapoandika haya, kwa sababu kosa hili nimelifanya. Ilikuwa Ijumaa tunafanya usafi studioni. Nikaona waya wa mtandao unaning'inia, kichwa chake hakijachomekwa popote. Nikafikiri aliyefagia ameung'oa. Nikautia kwenye tundu lililokuwa wazi, nikaondoka nikijisifu.

Sikujua kwamba kichwa cha pili cha waya ule kilikuwa tayari kwenye swichi ile ile. Nilikuwa nimefunga kitanzi kwa mkono wangu.

Dakika haikuisha. Kompyuta ya hewani ikashindwa kufungua faili zinazokaa kwenye kompyuta nyingine. Taa zote za swichi zikawa zinawaka kwa pamoja, haraka, bila kupumzika. Mchana ule kulikuwa na tangazo la msiba: mazishi ni saa kumi, na ndugu wako vijiji mbalimbali. Tangazo lilikuwa kwenye kompyuta ambayo haikufikika. Ilibidi tuwapigie simu wafiwa, tuwaombe watusomee upya, nasi tukaandika kwa kalamu. Kumwambia mtu aliyefiwa arudie majina ya marehemu na watoto wake kwa sababu ya waya si jambo dogo.

Fundi alipofika hakufungua kompyuta hata moja. Alitazama taa, akauliza: "Nani ameshika nyaya leo?" Akachomoa ule waya, na kila kitu kikarudi sekunde ile ile. Hakuna kilichokuwa kimeungua. Kitanzi kwa kawaida hakiharibu mashine, kinaziba njia tu.

Hospitali ya Boston, mwaka 2002

Ukidhani haya ni mambo ya sehemu zisizo na mafundi, sikiliza hii. Novemba 2002, hospitali kubwa ya Beth Israel Deaconess, mjini Boston nchini Marekani, mtandao wake wa kompyuta ulianguka. Ni hospitali ya kufundishia madaktari, yenye vifaa vya kisasa. Kwa siku kadhaa ilibidi warudi kwenye karatasi. Watu walikimbia na fomu mkononi kutoka maabara hadi wodini, na madaktari vijana waliozoea kompyuta walijifunza upya kuandika dawa kwa kalamu.

Chanzo kilikuwa mtandao uliokua kidogo kidogo kwa miaka, swichi ikiunganishwa juu ya swichi, mpaka mnyororo ukawa mrefu kuliko kinga yake ilivyoweza kubeba. Siku mzigo mkubwa wa data ulipopita, kinga ikashindwa, vitanzi vikafunguka. Mkuu wa teknolojia wa hospitali hiyo, John Halamka, hakuficha. Alieleza hadharani yaliyotokea ili wengine wajifunze.

Kinga hiyo iliyoshindwa ndiyo tunayoitazama sasa, kwa sababu ikipangwa vizuri hufanya kazi.

Kinga: kuugeuza mtandao kuwa mti

Unaweza kujiuliza, kwa nini tusikatae mizunguko kabisa? Jibu ni kwamba njia ya pili ina faida. Daraja likisombwa na mvua, mwenye njia moja tu amekwama. Vivyo hivyo, jengo la maabara likiunganishwa na mapokezi kwa waya mmoja, panya akiukata, maabara imekufa. Kwa hiyo mafundi wazuri huweka nyaya mbili. Lakini nyaya mbili ni mzunguko, na mzunguko ni kitanzi.

Aliyefumbua fumbo hili ni mwanamama, Radia Perlman, mwaka 1985, akifanya kazi katika kampuni ya Digital Equipment nchini Marekani. Alibuni kanuni ambayo swichi zenyewe huitumia kukubaliana njia zipi zitumike na zipi zifungwe. Aliifurahia hata akaitungia shairi fupi la Kiingereza kuhusu mti. Mwaka 1990 kanuni hiyo ikawa kiwango rasmi cha kimataifa. Mafundi wanaiita spaningi trii, au kwa kifupi STP. Maana yake ni mti unaofika kila mahali bila tawi kurudi kwenye shina.

Inafanya hivi. Turudi kijijini. Kwanza, kijiji kinachagua nyumba moja kuwa ya katikati, tuseme kwa mwenyekiti. Katika mtandao hiyo ni swichi mzizi. Pili, kila nyumba inapima njia fupi ya kufika kwa mwenyekiti. Katika mtandao ufupi hupimwa kwa kasi ya waya: wa kasi zaidi ndio mfupi. Tatu, njia zote za ziada zinazozunguka zinawekewa tawi la miiba. Hazifukuliwi, hazilimwi, zinafungwa tu. Siku daraja likianguka, mwiba unaondolewa na watu wanapita kule.

Swichi hupeana habari hizi kwa vijibarua vinavyoitwa BPDU. Swichi mzizi huvitoa kila baada ya sekunde 2. Vikikoma kufika, swichi zinajua kuna njia imekatika, zinaanza kupima upya.

Mambo sita ya kumwuliza fundi

Kama wewe ni mwalimu mkuu mwenye chumba cha kompyuta, meneja wa chama cha ushirika, mganga mfawidhi au kijana mwenye ofisi ya stesheneri, si lazima ujue kuyafanya haya. Jua kuyauliza.

1. Swichi mzizi ni ipi, na nani ameichagua? Kila swichi hutoka kiwandani ikiwa na namba ya kipaumbele 32768. Namba ndogo ndiyo inayoshinda. Zikilingana zote, inashinda yenye anwani ndogo ya kiwandani, na hiyo inaweza kuwa ile kuukuu iliyosahauliwa stoo. Hapo mawasiliano ya ofisi nzima yatapitia kwa mzee aliyechoka. Fundi aipe swichi nzuri ya katikati namba 4096, na msaidizi wake 8192. Namba hizi huenda kwa mafungu ya 4096.

2. Tunatumia kanuni ya zamani au ya haraka? Ile ya zamani, tundu husubiri sekunde 15 likisikiliza, kisha 15 nyingine likijifunza, ndipo lipitishe mawasiliano. Njia ikikatika, kupona kunaweza kuchukua sekunde 50. Toleo la haraka, RSTP, lililokuja mwaka 2001, hupona kwa sekunde chache au chini ya hapo. Swichi nyingi za leo za kupangwa zinalo.

3. Matundu ya kompyuta yamepangwa kuwa ya mwisho wa njia? Tundu la kompyuta ya karani halina haja ya kusubiri sekunde 30 kila asubuhi. Lipangwe kupitisha mara moja. Lakini mpango huu usiwekwe kamwe kwenye tundu linaloelekea swichi nyingine.

4. Mlinzi wa BPDU amewekwa? Huyu hukaa kwenye yale matundu ya kompyuta. Mtu akichomeka hapo swichi nyingine yenye kanuni hii, au akifunga kitanzi kama nilivyofanya mimi, mlinzi anaona kijibarua kimeingia pasipostahili na kulizima tundu hilo peke yake. Anaumia mmoja badala ya jengo zima. Pia kuna mpangilio wa kuweka kikomo cha matangazo, ili dhoruba ikianza isijaze njia yote.

5. Mnyororo wetu una swichi ngapi? Kwa mipangilio ya kawaida ya kanuni ya zamani, zisizidi 7 kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Boston walivuka hapo. Badala ya kuunga swichi juu ya swichi chumba baada ya chumba, kila jengo lirudi kwenye swichi ya katikati.

6. Mipangilio imehifadhiwa? Hili kwetu ni muhimu sana. Kwenye swichi nyingi, fundi akipanga bila kuhifadhi, umeme ukikatika na kurudi kazi yote imefutika. Mwombe azime na kuwasha swichi mbele yako kabla hujamlipa, kisha akuonyeshe kama namba ya kipaumbele bado ipo.

Onyo kuhusu swichi za bei nafuu: vile viboksi vya matundu 5 au 8 vinavyouzwa madukani, visivyo na ukurasa wa mipangilio, vingi havina kanuni hii kabisa. Vikifanya kitanzi, hakuna wa kukizuia. Havikatazwi, ila mahali pa kazi nyeti kama hospitali, kile cha katikati kiwe cha kupangwa.

Kama wewe ndiye uliyepo na fundi yuko mbali

Fundi anaweza kuwa Bukoba na wagonjwa wako kwenye benchi. Fanya hivi.

Tazama taa za swichi. Siku ya kawaida zinamwekamweka kila moja kwa wakati wake. Siku ya kitanzi zinawaka zote kwa pamoja, haraka sana, bila kupoa.

Uliza kama nyaya zimeguswa leo: usafi, kuhamisha meza, kompyuta mpya, fundi wa kamera. Waya uliochomekwa mwisho ndio wa kushukiwa kwanza. Uchomoe, subiri dakika moja, tazama.

Kama hujui ni upi, chomoa mmoja mmoja, ukianza na ile inayokwenda kwenye swichi nyingine. Kabla ya kuchomoa, andika namba ya tundu kwenye karatasi na kuibandika kwenye waya. Taa zikitulia ghafla, umempata. Usiurudishe, mwachie fundi aufuatilie.

Kuzima na kuwasha swichi peke yake hakuponyi kitanzi, kwa sababu waya bado uko pale pale. Dhoruba itarudi ndani ya muda mfupi. Na umeme ukirudi baada ya kukatika, ipe swichi kama dakika moja ikubaliane na wenzake kabla hujaanza kuchomoa nyaya. Wengi huharibu kwa haraka hapo.

Kanuni ya mwisho ni rahisi, na ningeijua siku ile ya usafi tusingewasumbua wafiwa. Waya unaoning'inia usiuchomeke mpaka umeufuata kwa mkono hadi mwisho wake wa pili. Bandika karatasi yenye maneno hayo juu ya swichi yenu, kwa maandishi makubwa, ili hata anayefagia aisome.

Na wewe msikilizaji ukiambiwa tena mtandao hamna, uliza kwa upole: "Ni mtandao wa nchi, au wa humu ndani?" Pengine utamsaidia karani kutazama chini ya meza, na usilazimike kurudi kesho.